Zamu ya Kuanguka

Ngokolo, Shinyanga
Juni 1978

Mume wangu Salehe,

Sisi huku wazima. Mbuzi amezaa, na dagaa wako wa Nkome wamefika salama. Naandika mbiombio, kondakta wa basi la Geita amesimama mlangoni anaisubiri barua hii.

Mdogo wako Abdu anasema umemwagiza amtoe Mwahija shule, kwa sababu umesikia mwalimu Scolastika anamwangusha mtoto. Ni kweli. Anamwangusha.

Unajua tangu binti yetu apooze miguu kwa polio, mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni hadi darasani. Mwezi uliopita nilikwenda mapema kumchukua, nikamkuta kasimama na magongo, na mwalimu anamsukuma. Akaanguka pu! juu ya magunia ya pamba. Salehe, nilivua kandambili! Nikamfokea mwalimu mbele ya watoto wote, nikamnyanyua mwanangu.

Mwahija akanipiga ngumi kifuani. "Niache, mama! Ni zamu yangu kuanguka!"

Mwalimu hakukasirika. Akasema, "Mama Mwahija, tunaanza na kujifunza kuanguka ili watoto wasiyaogope magongo."

Nikamweka chini. Akajiviringisha, akavuta gongo lake, akainuka mwenyewe.

Mzuie Abdu, tafadhali. Njoo wewe uone, ila akianguka usimkimbilie, atakupiga. Siku hizi tukienda shule yeye hutangulia. Mimi namfuata nyuma na mbeleko tupu begani, na sijui mikono niiweke wapi.

Mkeo,
Mama Mwahija