Maoni Arobaini na Moja Kuhusu Nafasi Tupu

Jumanne, Goba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mtelemko wa kwetu umekuwa utelezi mtupu na bodaboda hawataki kupanda. Nimeshinda ndani. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kwa siku tatu nimekuwa nikikagua draiva aliyoiandika Kaka Deo, mwenzangu kazini. Ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kusikia mashine ya kupima damu kwenye zahanati moja huko Madale. Majibu yanapita kwenye waya wa kizamani wa siriali, herufi moja baada ya nyingine.

Deo anaandika kodi, yaani maagizo ya programu, kama mtu anayekimbia mvua. Vitu ndani ya programu anavipa majina ya herufi moja moja. Mstari huu kausogeza kulia kidogo, ule kausogeza mpaka katikati ya ukurasa. Mabano anaweka akijisikia. Nikamwandikia maoni arobaini na moja.

Akajibu moja tu: "Dada Neema, mashine haisomi nafasi tupu."

Nilichemka. Nikamwandikia aya nzima kuhusu nidhamu ya kazi. Jana kwenye kikao hatukusalimiana.

Leo saa nne asubuhi akanipigia Mama Salma, mtaalamu wa maabara pale zahanati. Kipindi hiki cha majaribio tulimwomba alinganishe karatasi inayotoka kwenye mashine na kinachoonekana kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi inasema damu kumi na tatu nukta mbili. Kompyuta yenu inasema tatu nukta mbili."

Nikamuuliza kama ana uhakika.

"Mgonjwa mwenyewe yuko hapo nje anacheka na wenzake. Mwenye damu tatu hachekagi hivyo. Nimeandika ya karatasi. Ila ningekuwa na haraka je?"

Nikaifungua draiva.

Kosa nililipata kwa dakika chache, na hicho ndicho kinachoniuma. Kulikuwa na sharti: ikitokea hitilafu kwenye waya, futa alama ya hitilafu, kisha tupa herufi ya kwanza. Deo hakuyafunga maagizo hayo mawili kwa mabano. Kwa macho yalionekana yote ni ya sharti lile, kwa sababu yamesogezwa kulia sawasawa. Kwa kompyuta ni la kwanza tu. La pili lilifanya kazi kila mara, hitilafu iwepo isiwepo.

Kwa hiyo kila jibu lilikatwa kichwa. Sampuli tulizojaribia ofisini zote zilikuwa chini ya kumi, na hizo mashine huzitangulizia nafasi tupu. Ikatupwa nafasi tupu, hakuna aliyeona.

Kwenye mstari huohuo wa sharti kulikuwa na maoni yangu: "Acha nafasi kabla ya bano." Bano lenyewe ni lile linalozunguka sharti, siyo yale ya kufunga maagizo.

Niliutazama mstari ule, nikaukosoa sura, sikujiuliza unafanya nini. Nikisema ukweli, nilichotaka ni Deo akubali kwamba mie ni nadhifu kuliko yeye.

Nilimpigia nikamsomea.

"Mabano ulinidai," alisema.

"Nilikudai mistari mingine. Huu niliupita."

"Basi tuipitie yote sisi wawili, kuanzia juu."

Tukaisoma draiva nzima kwenye simu. Yeye anasoma mstari, mie nauliza unafanya nini, na asipoweza kueleza kwa sentensi moja tunauandika upya. Saa tisa Mama Salma alirudia ile sampuli. Kumi na tatu nukta mbili. Akasema "Sawa" akakata, ana foleni.

Maoni ya nafasi nimeyafuta. Ya mabano nimeyaacha, na safari hii nimeeleza sababu. Majina ya herufi moja Deo amegoma kuyabadilisha, na bado yananikera.

Kesho tunakwenda Madale wote wawili, tupitie karatasi zote tangu majaribio yaanze. Mama Salma anasema hakuna jibu lililomfikia daktari kabla yeye hajalisoma. Namwamini. Lakini nataka kuziona moja moja, na nitasoma namba, siyo mwandiko.