Kanzu Iliyokatwa kwa Jicho

Mjukuu wangu Salimu,

Marahaba, baba. Sote wazima, alhamdulillahi. Mamako kikohozi kimemwacha. Wasema lugha zenu za kompyuta, Java na Python, zote hutengeneza vitu kwa kigezo, ila Java hutaka kila kitu kitajwe aina yake mapema, na wewe na mwenzako mnagombania ipi mtumie kazini.

Miaka ya hamsini, hapa Nguvumali, shangazi yangu Zaina alishona kwa vigezo vya karatasi, kila kimoja kimeandikwa jina la kipande chake. Mdogo wake Mwanaidi alikata kwa jicho, upesi, akimcheka: "Dada, hata mumeo ulimpima kwa karatasi?"

Mwanaidi alikwisha kukata kanzu ya harusi ya kaka yangu, homa ikamlaza hajitambui. Zaina akageuza vipande: "Jamani, huu mkono au kikwapa?" Hakuna aliyejua. Kaka akaoa kwa kanzu ya kuazima.

Alipopona, Mwanaidi aliendelea kukata kwa jicho, ila kila kipande alikitia alama ya chaki, dada yake apate kukijua.

Mola awapatanishe. Mwenzako naye msalimie.

Bibi yako