Debe Lako la Maharage

Mpendwa dada, mke mwenzangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni, hapa mtaa wa Picha ya Ndege, sufuria iko motoni. Ungekuwapo ungeniambia niache barua nikatazame maji.

Unaikumbuka siku yangu ya kwanza Marui? Nilikuja kutoka Lushoto na mfuko wa maharage ya mama yangu, mapya, yanang'aa. Nilijua unanitazama. Nikipika ya kwetu tu, mke mdogo ameanza kiburi. Nikipika ya kwako tu, nimemdharau mama yangu. Basi nikajiona mjanja, nikachota ya mfuko wangu na ya debe lako, nikayatia yote sufuria moja. Adabu yangu ilituumbua. Nusu yalikuwa uji, nusu kokoto. Mume wetu alitafuna, akatema moja kiganjani, akauliza, "Hili nalo nilimeze au nikalirudishe barabarani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta, kisha ukanivuta jikoni. "Mdogo wangu, yangu yamekaa kwenye debe tangu mwaka jana. Yako yametoka shambani juzi. Yataivaje pamoja?"

Kesho yake ukanionyesha. Yote yanalowekwa usiku kucha, kila aina chombo chake. Ya zamani yanatangulia motoni, na yakianza kulegea ndipo mapya yanafuata. Moto uwe wa kiasi, maji ya kuongeza yawe ya moto, chumvi na tui vije mwishoni. Tangu hapo, kila tulipogombana ulikuwa unaniambia, "Mimi ndiye niliyetangulia motoni, wewe subiri." Nami nilikuwa nakujibu, "Haya, ukiiva uniite." Sitasema hatukuoneana wivu. Tulioneana sana. Lakini sijapata mtu mwingine wa kucheka naye vile.

Mume wetu alipopata kazi kiwandani Zegereni nikahamia naye huku, wewe ukabaki na shamba. Ulipotutoka, binti yako Mwanahawa akaja kwangu na begi lake la shule na debe lako. Dada, nilidhani nampokea mwanangu. Kumbe napokea mgeni. Ananiamkia vizuri, anafagia, anaosha vyombo, ila chakula changu hali. "Nimeshiba, mama mdogo." Ameshiba nini, wakati namwona ananunua maandazi barabarani? Baba yake alitaka kumfokea, nikamzuia. Shangazi yake akasema mtoto amekonda, Jumapili atakuja kumchukua arudi Marui. Nililia stoo, maana nilimwona anaondoka na kitu cha mwisho nilichobakiwa nacho kutoka kwako.

Huko stoo ndiko nilikoliona debe. Jana nikapika maharage yako, yakatangulia, ya dukani yakafuata kama ulivyonifundisha. Nikaonja, nikaona yameiva, nikashika chumvi. Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni.

"Hayo ni ya mama?"

"Ya mama yako, na ya dukani."

Akaja, akachukua kijiko, akachota ya juu kabisa, akayapuliza, akatafuna. Nilisimama na chumvi yangu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Bado," akasema. "Umeonja ya chini, mama mdogo. Ya chini yanadanganya. Mama alikuwa anaonja ya juu."

Hilo hukunifundisha, dada. Miaka yote ile ukalificha! Nikacheka, kisha nikalia, naye akalia, halafu akavuta mbuzi, akakaa, akaanza kukuna nazi bila kuambiwa. Yalipoiva alikula sahani nzima.

Leo ni Jumapili. Asubuhi shangazi yake alimpigia simu mume wetu kusema yuko njiani, mtoto afunge mizigo yake. Nilikuwa uani naanika nguo, nikasimama na kanga yenye maji mkononi, sithubutu hata kuikamua. Nikamsikia Mwanahawa ndani, amepewa simu na baba yake, sauti yako tupu:

"Shikamoo shangazi. Karibu, ila leo siwezi kuondoka. Nimeloweka maharage."

Lala salama, dada. Haya ya leo ameyapika yeye, mimi natazama maji tu.

Ni mimi mdogo wako, niliyefuata motoni.