Balimuua

Shikamoo dada Zaina,

Huyu ng'ombe wa pembe ndefu kwenye kadi hii ni wa watoto, nimewanunulia Mbarara. Vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale limeingia mpaka kwenye chai.

Leo nilimtafsiria wakili maneno ya Mama Esta, mkulima aliyekimbia kutoka ng'ambo ya ziwa letu. Alisema, "Balimuua bwana yangu," maana kwa Kiswahili cha kwao "wa-" ni "ba-". Nikasema kwa Kiingereza kwamba mumewe aliuawa. Wakili akaandika: mauaji ya kawaida, kesi ya mahakama ya kwao.

Nilipomweleza kilichoandikwa, Mama Esta alisukuma kikombe kando.

"Ba- yangu iko wapi? Nilisema ba-limuua! Balikuwa bantu mingi, na karatasi ya majina. Balianza nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho."

Wakili akakata alichoandika. Akaeleza kwamba mtu akimuua jirani kwa ugomvi, nchi yake itamhukumu. Lakini raia wakiuawa kwa mpango, kijiji baada ya kijiji, hilo ni kosa dhidi ya binadamu wote, na hata nchi nyingine zinaweza kumshtaki muuaji.

Mama Esta akauliza, "Ya ugomvi tunapeleka kwa polisi?"

"Ndiyo."

"Ile karatasi, mwenye aliisoma ni komanda wa polisi."

Wasalimie watoto, dada, na uniombee. Miaka yote hii ya ukalimani, na leo nusura nizike kijiji kizima kwa neno "aliuawa".

Mdogo wako,
Rehema