Madoa Nyuma ya Ukuta

Jumatano, saa tisa usiku

Amelala. Naandika kwa tochi ya simu, naogopa hata kukohoa.

Usiku wa tisa sasa tangu tuhamie nyumba ya matofali. Kila ikifika saa nane Elia anaamka akipiga kelele, anajirusha sakafuni, anarusha mateke. Ana miaka miwili tu na nguvu za ndama. Baba yake yuko Ngorongoro na watalii. Nilipompigia jioni akasema, "Si umuwekee katuni?" Nikamkatia simu.

Mama mkwe naye ana lake. "Huyu amezaliwa akisikia ng'ombe akicheua. Hawezi kulala kwenye ukimya." Ni kweli, kwenye nyumba ya zamani ng'ombe wetu Madoa alilala ndani, fito tu zikitutenganisha. Lakini Madoa aliugua akafa, tukamfukia kabla hatujahama. Nilimjibu vibaya, eti nyumba mpya si zizi. Kesho nimwombe radhi.

Maana leo Elia alinyamaza ghafla katikati ya kilio. Akaenda ukutani, akabandika sikio, akacheka.

"Dowa," akasema.

Nikabandika langu. Kutafuna taratibu. Kumeza. Kimya kidogo, halafu kutafuna tena. Na nyuma ya ukuta ule hakuna kitu, ni shamba la mbaazi tu.

Ningepaswa kumnyakua mtoto nikimbilie kwa mama mkwe. Lakini alikuwa ameshasinzia palepale, shavu ukutani.

Nikanong'ona, "Madoa, usiondoke mpaka kuche."