Saini Chini ya Jina la Shemeji

Chumba cha juu ya duka la rangi,
Mtaa wa nyuma ya ghala,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Wapwa zangu na baba yao hawajambo? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimepungua, au bado unakitibu kwa kujifanya hukisikii? Sisi huku ni wazima. Miguu ya Mama inamsumbua kukiwa na baridi, lakini mdomo wake uko salama salimini. Wifi yako ananenepa na kusema ni nguo zinazosinyaa kwa kufuliwa. Watoto wanamsalimu shangazi yao na wanauliza utakuja lini.

Najua umeshasikia habari zangu. Wifi yako amekiri mwenyewe kwamba alikupigia simu kunishtaki: madereva wote wamerudi barabarani isipokuwa mimi, na gari langu limekaa uani kwa kampuni, ndege wanalichafua. Ni kweli. Mkataba mpya unataka kila dereva aweke saini, na mwisho ni kesho jioni. Asiyeweka anarudisha funguo za gari, na kazi imekwisha. Alitaka unipigie unitie akili, nawe kwa hekima zako hukupiga. Basi nakueleza mwenyewe, usije ukalishwa maneno.

Ugomvi wetu na kampuni ulikuwa hivi. Sisi hatujaajiriwa, ni watu wa mkataba. Magari ni yao lakini mafuta tunajitilia, na tunalipwa kwa kila kifurushi kilichopokelewa. Ukimkosa mteja, umegonga, umepiga simu, umesubiri mpaka majirani wameanza kukutilia shaka, unarudisha kifurushi stoo na hulipwi chochote. Kesho yake unakipeleka tena. Kuna jengo moja refu lisilo na lifti, wapangaji wake huwa hawako nyumbani, nawe hulijui hilo mpaka ufike ghorofa ya mwisho.

Sasa nani alikuwa wa kwanza kusema hii si haki? Ni mimi, dada. Nimelisema stoo, nimelisema kituo cha mafuta, nimelisema hadi wenzangu wakanibandika jina la Honi. Kwa hiyo siku tulipogoma, na ikabidi tuchague mtu mmoja wa kuingia kuzungumza na meneja, nilikwenda nimevaa shati langu la harusini. Sikuona haja ya kuuliza atachaguliwa nani.

Wakamchagua shemeji yangu. Ndiyo, yule mdogo wake wifi yako, ambaye kazini wanamwita Taratibu kwa sababu hata akiunguzwa na chai husubiri kidogo kabla ya kulalamika. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi ile. Mimi ndiye niliyemfundisha kupakia gari, kwamba kifurushi cha mwisho kushuka ndicho cha kwanza kuingia. Alikuja kwangu na begi moja na viatu vya kuazima, leo anachaguliwa kunisemea mimi.

Sitakuficha, roho iliniuma. Tena haikuanza siku ile. Watoto wangu wakiumia hukimbilia kwa mjomba wao. Wifi yako akipika kitu kizuri humwekea kwanza ndugu yake, halafu ndipo mwenye nyumba. Hata Mama, aliyenizaa mimi na si yeye, akisikia hatua zake kwenye ngazi huniambia ninyanyuke kwenye kiti cha dirishani, mtoto wa watu apumzike. Mimi ni mtoto wa nani?

Basi asubuhi ya pili ya mgomo, hasira zikiwa bado mbichi, nikaliwasha gari langu nikaliegesha katikati ya geti, likaziba. Nilitaka meneja ajue kuna mtu mwingine wa kuzungumza naye. Wenzangu wengine walishangilia, na sitasema sikufurahi.

Ila kulikuwa na jambo moja. Siku ya kugoma, madereva wote walishusha mzigo wao na kuurudisha stoo kwanza, kwa sababu mali ya mteja haigomi. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama juu ya kreti natoa hotuba. Nikasahau. Gari lililoziba geti lilikuwa limejaa vifurushi vya watu, vyote vimeandikishwa kwa jina langu.

Mchana wake natoka kunywa maji, namkuta Taratibu amefungua milango ya nyuma ya gari langu, anahamishia vifurushi kwenye gari lake. Funguo za akiba alipewa na nani? Na mke wangu. Kisha akalisogeza gari langu kando ya geti, akawasha lake, anakwenda kusambaza mzigo katikati ya mgomo. Dada, nilimwita msaliti mbele ya watu wote. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa kuwa najua barua zangu huwa unawasomea watoto.

Alinitazama akasema, "Sawa, shemeji. Tutazungumza." Akaondoka. Nikawageukia wenzangu waniunge mkono, kila mmoja akawa anaangalia viatu vyake. Nikajua wameshalogwa na upole wake.

Baada ya hapo mazungumzo yakaendelea kwa siku kadhaa, nami nikawa nanuna nje. Hatimaye wakakubaliana: safari ya kumkosa mteja italipwa nusu, na ukirudia mara ya pili unalipwa yote. Madereva walimbeba Taratibu juu juu uani kama bwana harusi. Mimi nilibaki kando ya gari langu nikifuta kioo ambacho hakikuwa kichafu. Na mkataba ulipoletwa nikakuta jina lake juu kabisa, mwakilishi wa madereva, na nafasi zetu za saini chini yake. Nikasema siweki. Bora nirudishe funguo nikabebe mizigo sokoni kuliko kukaa chini ya jina la msaliti.

Jana nilikwenda kutoa koti langu la mvua kwenye gari. Mtunza stoo, yule mama ambaye tangu nimjue hajawahi kunisemesha zaidi ya "weka pale", akaniita dirishani.

"Honi, bado unamnunia mtu aliyekuokoa?"

Nikamuuliza ameniokoa na nini. Akanieleza yote bila kupumzika. Kumbe meneja alikubali kutulipa tangu siku ile niliyoziba geti, lakini kwa sharti moja: dereva anayezuia mali za wateja afukuzwe na apelekwe polisi. Taratibu alikataa, akaomba apewe mpaka kesho yake. Akatoka akavichukua vifurushi vyangu, akavipeleka kimoja kimoja kwa mafuta yake, mpaka kule kwenye jengo lisilo na lifti, na wateja wote wakapokea kwa jina langu. Meneja alipokuja kuhesabu, hakukuwa na kilichozuiwa. Zile siku nilizomwona anachelewesha mambo, alikuwa anabishana wafute jina langu kwenye ripoti.

Wenzangu walijua. Yeye ndiye aliyewaomba wanyamaze, akisema shemeji yake akijua ataona aibu, na akiona aibu hatarudi kazini.

Utadhani nililia kwa furaha. Dada, nilikasirika mara mbili zaidi. Nilitembea hadi nyumbani nikitafuta hata kosa moja la kumshikia, nisilipate isipokuwa lile la kunijua vizuri mno.

Jioni akaja kula, kama kawaida yake. Mama akanitazama nimpishe kiti, nami safari hii nikainuka kabla sijaambiwa. Nikamwambia, "Vile vifurushi vilikuwa vyangu."

"Ndiyo, shemeji. Ndiyo maana nilivipeleka kwa jina lako."

"Ungeniambia."

"Ungenisikia?"

Mama alicheka hadi akapaliwa, wifi yako akakimbilia maji. Mimi nikaendelea kula. Shukrani ilinifika hapa kooni ikakataa kupita, na nadhani yeye aliiona, maana alinisogezea bakuli la mchuzi bila kuombwa.

Mtu akikuzidi maneno utamwita mropokaji. Akikuzidi mali utasema ni bahati. Huyu amenizidi moyo, na hata haki ya kumchukia ameninyang'anya. Usidhani wivu umeniisha, bado ninao, tena wa kutosha. Umekosa tu pa kushika.

Kesho asubuhi nakwenda kuweka saini. Nitaiweka chini ya jina lake kama walivyopanga. Ila nitaiandika kubwa.

Msalimie sana shemeji yangu wa huko, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo, pengine kwa kuwa anakaa mbali. Wapwa zangu wabusu mmoja mmoja, na yule wa mwisho mwambie mjomba hajasahau mpira wake. Mama anasema ukinywa maji uyapashe moto. Wifi yako anakusalimu na anaomba radhi kwa simu ile, ingawa ukimuuliza atakana. Taratibu naye anakusalimu. Amenikumbusha mara kadhaa nisisahau, ndiyo maana nimemweka mwisho.

Mwenyezi Mungu aifunike nyumba yako kwa heri, akuondolee kikohozi na akuzidishie riziki ya halali. Nami nina ombi dogo. Siku ukipiga simu, atakayepokea ni mimi, na najua huwa unaanza kwa kusema, "Shemeji yako hajambo?" Safari hii, dada, niulizie mimi kwanza.

Mdogo wako akupendaye kuliko wote, hata kama kuna wanaodai vinginevyo,

Honi