Shanga za Zuhura

Marahaba, mjukuu wangu. Mji umejaa wapagazi wa pembe za ndovu, lakini nyumbani tu wazima.

Unauliza kwa nini rafiki yako huko Unguja, yule anayepigwa na mjomba wake, amekugawia bangili zake zote huku akitabasamu. Nilipokuwa msichana, jirani yetu Zuhura, aliyeteswa na baba wa kambo, alinivisha shanga za marehemu mamake. Mama yangu alipoziona aliacha samaki motoni, akatoka mbio bila ushungi. Alimkuta hai, akamuuliza waziwazi kama anataka kufa. Zuhura akalia. Tangu siku hiyo akalala kwetu, hadi alipoolewa.

Mimi nilizipokea nikicheka, nisijue kwamba alikuwa akiniaga, na hofu ya siku ile ninayo hadi leo. Usinijibu kwanza. Mwambie mama yako, mwende kwa rafiki yako sasa hivi.

Bibi yako